Kusoma insha ya mwenzako: kalamu ibaki mkononi mwake



Katika somo hili tutazungumza juu ya kazi moja ambayo wengi wanaifanya kila juma bila kufundishwa: kusoma insha ya mwenzako mbele ya kuipeleka kwa mwalimu, na kumwambia namna unavyoiona. Wamoja wanaifanya chini ya mti saa ya mapumziko, wengine mangaribi wakati wa kujifunza, wengine njiani wakirudi nyumbani. Kazi yenyewe ni nzuri. Lakini ikifanywa vibaya inavunja urafiki, ao inamwacha mwenye insha pale pale alipokuwa. Kwa hiyo tuangalie polepole: msomaji afanye nini, na mwenye insha naye afanye nini.

1. SABABU GANI TUSOMEANE?

Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Tuseme mwalimu wa Kifaransa ana kilasi 3, na kila kilasi ina wanafunzi 50. Kila mmoja akiandika insha moja, zinakuwa insha 150. Mwalimu akitumia dakika 10 kwa kila insha, atahitaji dakika 1 500, ni kusema saa 25. Hata kama anakesha na taa, hawezi kufanya hivi kila juma. Basi insha zinatolewa mara chache, na kopi zinarudi na pointi juu na mistari myekundu chini, wakati mwanafunzi amekwisha kusahau alichotaka kusema. Lakini mwenzako wa benchi anaweza kukusomea leo leo, mawazo yakiwa yangali na moto.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Mwenye kuandika haoni kinachokosekana katika karatasi yake. Yeye anajua habari yote kichwani; anaposoma tena, kichwa chake kinajaza mahali palipobaki wazi, naye anawaza kwamba ameandika. Msomaji hana ile habari. Ana karatasi peke yake. Pale anaposimama na kuuliza "nani huyu?", ndipo shimo lilipo. Hakuna mtu mwingine wa kukuonyesha shimo hilo isipokuwa yule ambaye hajui habari yako.

Sababu ya tatu inahusu hasa wa mwaka wa mwisho. Katika Egzamen d'Etat, ulioanzishwa hapa kwetu katika mwaka 1967, kuna disertasioni ya Kifaransa. Siku ile utakaa peke yako. Hakuna mwenzako wa kukuambia "hapa sikuelewa". Ni lazima wewe mwenyewe uwe mwandishi na msomaji pamoja. Na mtu anajifunza kujisoma kwa kusoma wengine. Akikuta mara kumi katika insha za wenzake ya kwamba neno "yeye" halijulikani ni nani, mara ya kumi na moja ataliona katika yake.

2. MAJIBU MATATU YASIYOSAIDIA

Sikilizeni saa ya mapumziko, wakati mtu anapeleka karatasi kwa rafiki. Mara nyingi majibu ni matatu.

La kwanza: "Iko muzuri." Rafiki anasoma mbio mbio, anarudisha, anasema iko muzuri, mambo yamekwisha. Pengine hakusoma mpaka mwisho. Pengine alisoma, akaona makosa, akaogopa kumuumiza mwenzake. Neno hili ni tamu, lakini mwenye insha anaondoka nalo mikono mitupu. Kesho mwalimu atampa 4 kwa 10, naye atashangaa: "Lakini walisema iko muzuri!"

La pili: kicheko. Msomaji anakuta kosa, anaita wengine: "Mukuye muone vile huyu aliandika!" Watu watano wanacheka. Yule mwenye insha naye anacheka kidogo ili asionekane kulia. Siku ile amejifunza jambo moja tu: kuficha karatasi yake. Tena ataanza kuandika maneno mafupi yasiyo na hatari, maneno ambayo kila mtu anayajua, kama "maji ni uzima" na "elimu ni ufunguo". Hatakosa sana, lakini hatasema kitu. Kicheko kimoja kinaweza kumnyamazisha mwanafunzi mwaka mzima, na hasa wale waliotoka mbali na ambao Kifaransa chao kingali kidogo.

La tatu linafanana na upendo: "Lete, nikutengenezee." Msomaji anashika biki, anafuta, anaandika juu, anaondoa mistari mitatu na kutia yake mine. Insha inarudi ikiwa safi. Lakini ni insha ya nani sasa? Mwenyewe hajui sababu gani maneno yake yalifutwa. Akipewa kazi nyingine ya namna ile, atarudia makosa yale yale, kwa maana mkono uliosahihisha haukuwa wake.

Majibu haya matatu yote yanakosa kitu kimoja. Msomaji hakusema yaliyompata yeye wakati alisoma. Alisifu, alicheka, ao aliandika, lakini hakusema: "Hapa nilielewa hivi. Hapa nilipotea."

3. TUANGALIE MFANO

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Si insha ya mwanafunzi yeyote wa shule yetu. Kichwa cha kazi kilikuwa: "Kazi za nyumbani." Mwanafunzi msichana aliandika hivi:

"Watoto wa siku hizi hawasaidii wazazi. Juzi kaka yangu alikataa kwenda chemchemi. Mama alimwambia dada aende, akaanguka, akakasirika sana. Maji ni uzima. Kwa hiyo serikali na wazazi wote wanapaswa kufanya bidii. Bidoni ilipasuka."

Someni mara mbili. Sasa tuone namna ya kumjibu.

Msomaji wa "iko muzuri" hatamsaidia. Msomaji wa kicheko atashika ile bidoni iliyokuja nyuma ya serikali. Msomaji wa biki atafuta "alikataa" na kuandika: "Kaka yangu ni mvivu sana, alikataa kwenda chemchemi." Sentensi inaonekana nzuri. Ngojeni, tutairudia.

Msomaji mwema alisema hivi:

"Nimeelewa kama kaka yako alikataa kuchota maji, na dada akaenda pa nafasi yake. Hii njo kitu ilinikamata. Lakini hapa nilipotea: nani alianguka, mama ao dada? Na nani alikasirika? Tena bidoni, ilipasuka wakati gani? Na swali ingine: juu ya nini kaka yako alikataa? Serikali, sikuona ilitokea wapi."

Angalieni ya kwamba hakusema "umekosa". Hakusema "hujui kuandika". Alisema kitu alichoelewa, mahali alipopotea, na kitu alichotaka kujua. Tena hakugusa karatasi.

Mwenye insha alikwenda kuandika tena. Akaleta hivi:

"Juzi kaka yangu alikataa kwenda chemchemi. Alisema kuchota maji ni kazi ya wasichana. Mama akamtuma dada, ambaye alikuwa ametoka shuleni na hajakula. Kwenye mteremko dada akateleza, akaanguka, na bidoni ya lita 20 ikapasuka. Mangaribi mama alikasirika, lakini si juu ya bidoni. Alimwita kaka, akamwuliza: Je, wewe hunywi maji?"

Kuna tofauti gani? Makosa ya "nani alianguka" yamekwisha. Bidoni imepata mahali pake. "Maji ni uzima" na "serikali" vimeondoka, na hakuna mtu aliyemlazimisha kuviondoa. Yeye mwenyewe aliona ya kwamba havikuwa na kazi. Lakini jambo kubwa ni jingine. Swali "juu ya nini kaka yako alikataa?" lilitoa kitu ambacho msomaji hakukijua wala hangeweza kukijua. Kaka hakuwa mvivu. Kaka aliwaza ya kwamba kuchota maji ni kazi ya wasichana. Hii ndiyo insha yenyewe! Ilikuwa imefichwa, na mwenye insha pengine aliona haya kuisema, ao aliwaza haina maana.

Sasa turudie yule wa biki. Angeandika "kaka yangu ni mvivu", Kifaransa kingekuwa sawa, pointi zingeongezeka kidogo, na ukweli ungepotea. Ndiyo sababu tunasema kalamu ibaki mkononi mwa mwenye insha. Si kwa ajili ya heshima tu. Ni kwa sababu yeye peke yake ndiye anajua mambo yalivyokuwa.

Neno moja juu ya lugha. Katika Kiswahili, ile "a-" ya "akaanguka" inaweza kuwa mama, dada, kaka, yeyote. Wengine watasema, katika Kifaransa taabu hii haiko, kwa sababu kuna "il" na "elle". Si kweli. Mama ni "elle", na dada naye ni "elle". Msomaji atapotea vilevile. Lugha haimsaidii mtu ambaye hakusema jina.

4. KAZI YA MSOMAJI

Shika njia hii. Ni ya hatua nne.

(a) Soma yote mara moja bila kalamu mkononi. Mtu akishika kalamu, jicho lake linatafuta makosa ya herufi, na haelewi tena habari.

(b) Sema kwa maneno yako mwenyewe kitu ulichoelewa. "Nimeelewa kama unataka kuonyesha hivi." Unaweza kusema kwa Kiswahili hata kama insha ni ya Kifaransa. Tena ni vizuri zaidi, kwa maana ukirudisha maneno yake ya Kifaransa jinsi yalivyo, hatutajua kama ulielewa ao ulikariri. Kama ulichoelewa ni tofauti na alichotaka kusema, mmekwisha kupata kazi ya kwanza.

(c) Onyesha mahali pamoja palipokukamata na mahali pawili ulipopotea. Taja mahali kabisa: mstari wa tatu, neno fulani. "Mwanzo ni mzuri" haisaidii. "Pale kaka anakataa, nilitaka kujua mbele" inasaidia. Usilete makosa kumi na tano. Mtu anaweza kubeba mawili ao matatu kwa siku moja. Yakipita hapo anaangusha yote.

(d) Uliza swali moja la kweli, swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. "Huoni kama hii ni mbaya?" si swali, ni fimbo iliyovaa nguo ya swali.

Na gramere? Na makosa ya herufi? Yana siku yake, lakini yaje mwisho. Kwanza maana, kisha utaratibu wa mawazo, kisha lugha. Ukianza na lugha, utasahihisha vizuri sentensi ambayo kesho itafutwa yote. Masoni hapaki rangi ukuta ambao nivo imeonyesha kwamba umelala.

Hata siku ya gramere ikifika, usiandike jibu. Shika krayo, tia kamstari kadogo pembeni ya mstari wenye kosa, basi. Usionyeshe ni neno gani. Mwenyewe atafute. Kama aliandika "ils croivent", atasoma ule mstari mara mbili, atakumbuka, ataandika "ils croient". Kama aliandika "si j'aurais", atakumbuka somo na kuandika "si j'avais". Kosa ambalo mtu ameliokota mwenyewe halirudi upesi. Asipolipata, basi akuulize, na ninyi wawili mtafute katika kitabu. Pengine hata wewe ulikosa. Jambo hilo linatokea kila siku.

5. KAZI YA MWENYE INSHA

Wengi wanawaza kazi ya mwenye insha ni kungoja tu. Hapana. Kupokea ni kugumu kuliko kutoa.

Kwanza, sema unachotaka. Usitupe karatasi na kusema "angalia". Sema: "Niangalilie kama mwisho unafuata mwanzo." Ao: "Sijui kama mfano wangu unaeleweka." Msomaji aliyepewa kazi anasoma vizuri kuliko yule aliyepewa karatasi.

Pili, nyamaza wakati anasema. Hili ndilo gumu. Anaposema "hapa nilipotea", mdomo wako utataka kujibu mara moja: "Lakini mimi nilitaka kusema kama..." Ngoja! Hayo unayotaka kusema, yako katika karatasi? Kama hayako, umekwisha kupata dawa: chukua maneno yale yale uliyotaka kumjibu, uyaandike katika insha. Siku ya mtihani hutakaa karibu na mwalimu wa kusahihisha ili umweleze.

Tatu, andika anachosema katika kaye yako, hata kama hukubali. Hasira ya saa hii inaweza kupita kesho, na neno litabaki pale.

Nne, chagua. Msomaji si hakimu. Anajua vizuri jambo moja: mahali yeye alipopotea. Kwa jambo hilo usibishane naye, kwa maana huwezi kumwambia mtu "hukupotea". Lakini dawa anayokupa si lazima uifuate. Akisema "ondoa habari ya dada", pengine dawa ya kweli ni kuongeza habari ya dada, si kuiondoa. Sikia ugonjwa, chagua dawa mwenyewe. Na kama wasomaji wawili wasiosikilizana kwanza wamesimama mahali pale pale, jua ya kwamba pale pana shimo kweli.

Mwisho, shukuru. Alikupa wakati wake.

6. MAMBO YANAYOLETA TAABU

Mdogo na mkubwa. Katika desturi zetu, mdogo hamwambii yaya wake "umekosa". Heshima hiyo ni nzuri, tusiiharibu. Lakini angalieni: "umekosa" ni hukumu; "mimi sikuelewa" ni habari yangu mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kumwambia wa mwaka wa mwisho bila kukosa adabu: "Yaya, hapa mimi sikufahamu." Na yaya asijibu: "Sababu wewe ungali mutoto." Kama mtoto mwenye akili hakuelewa, pengine maneno makubwa yalifunika mahali ambapo wazo halikuwa.

Wavulana na wasichana. Inaonekana mara kwa mara: msichana anasoma insha ya mvulana, anasema neno la kweli, na mvulana anachukua neno lile lile tu wakati mvulana mwingine amelirudia. Tuache hayo. Neno lipimwe kwa karatasi, si kwa mdomo uliolitoa.

Siri. Pengine mtu anaandika mambo ya nyumbani: ugonjwa, njaa, ugomvi wa wazazi, kifo. Alikupa wewe, hakuwapa wote. Yasitoke pale. Mwanafunzi anayechukua siri ya insha na kuipeleka nje amefanya ubaya kuliko yule aliyecheka. Kama habari ni nzito sana, na unaona mwenzako yuko katika hatari, umwambie mwende wote wawili kwa mwalimu mnayemwamini ao kwa mchungaji. Usiende nyuma yake kuizungumza na rafiki.

Udanganyifu. Wengine watauliza: je, kusaidiana hivi si kudanganya? Mpaka uko wazi. Ukimwuliza swali na yeye akaandika jibu, ni kusaidia. Ukimwandikia, hata mistari miwili, ni kudanganya, na ukipokea mikate ao feza kwa kazi ile, ni uchuuzi. Na siku ya interogasioni na mtihani, hakuna kusomeana hata kidogo.

7. TUJIFUNZE KWA APOLO

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18, tunasoma habari ya Apolo. Alikuwa Myuda wa Aleksandria, mtu wa maneno mazuri, mwenye kujua Maandiko sana. Alifika Efeso, akafundisha kwa moyo wa moto na kwa usahihi mambo ya Yesu, lakini alijua ubatizo wa Yoane tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi. Hawa walikuwa watu wa mikono. Kazi yao ilikuwa kushona hema. Wangeweza kunyamaza na kusema "hotuba iko muzuri". Wangeweza kusimama mbele ya watu wote na kumwaibisha. Hawakufanya moja wala lingine. Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Tuone mambo matatu. Walimsikiliza kwanza. Walimchukua kando, hawakuita wengine. Tena hawakuhubiri pa nafasi yake: kisha hayo Apolo mwenyewe alikwenda Akaya, na ndugu waliandika barua wapokee vizuri, naye akawasaidia sana waamini wa kule. Sauti ilibaki ya Apolo. Na Apolo naye, mtu mwenye elimu, alikubali kufundishwa na washona hema wawili, mmoja wao mwanamke.

Mtu atauliza: je, Paulo hakumkemea Petro mbele ya wote kule Antiokia, kama anavyoandika katika Wagalatia, mlango wa 2? Ndiyo, alimkemea. Lakini Petro alikuwa amefanya jambo mbele ya wote, na wengi walikuwa wameanza kumfuata katika kosa lile. Insha ya mwenzako haijapotosha mtu yeyote. Bado iko mkononi mwake. Basi njia yake ni ile ya Prisila na Akila: kando.

8. NAMNA YA KUFANYA DARASANI

Kwa walimu na wakubwa wa kilasi, hii ni njia moja inayowezekana hata katika kilasi ya watu 50 na hata kama karatasi ni chache. Somo moja la dakika 50 linatosha.

– Dakika 5: kila mmoja ana bruyo yake, si kopi safi. Mtu akikwisha kuandika safi, hataki tena kubadilisha. Anaandika juu ya karatasi swali lake moja kwa msomaji.
– Dakika 10: wanakaa wawili wawili, wanabadilishana, wanasoma kimya bila kalamu.
– Dakika 10: wa kwanza anasema, mwenye insha ananyamaza na kuandika.
– Dakika 10: wanageuza.
– Dakika 10: kila mmoja anarudi kwa karatasi yake na kuandika tena sehemu moja tu, ile iliyopoteza msomaji.
– Dakika 5: wawili ao watatu wanaotaka wenyewe wanasoma mbele ya wote sehemu ya kwanza na sehemu mpya.

Mwalimu apite katikati ya mabenchi, asikilize. Asitoe pointi siku ile. Wawili wawili wasiwe kila mara marafiki sana, wala watu wenye ugomvi. Wabadilishwe kila mwezi.

9. MASWALI NA KAZI

1. Eleza tofauti kati ya "umekosa" na "hapa nilipotea".
2. Katika mfano wa bidoni, swali gani lilimsaidia zaidi mwenye insha? Kwa sababu gani?
3. Sababu gani gramere inakuja mwisho?
4. Mwenzako amekuambia uondoe mfano wako wote. Utafanya nini mbele ya kukubali ao kukataa?
5. Kazi: andika mistari kumi juu ya kazi moja unayofanya nyumbani. Mpe mtu mmoja asome kufuatana na hatua nne. Kisha andika tena. Lete karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili, zikiwa pamoja. Usitupe ya kwanza. Ni katika ile ya kwanza tutaona umetembea hatua ngapi.

Wapendwa, hakuna mtu anayezaliwa na insha nzuri mkononi. Inatengenezwa, na mara nyingi inatengenezwa kwa sababu mtu mmoja alikaa kando yetu, akasoma mpaka mwisho, akauliza swali la kweli, kisha akaturudishia karatasi bila kuandika juu yake. Uwe mtu huyo kwa mwenzako juma hili.

Mwalimu wenu wa lugha